Kura na Mfuko wa Mpiga Kura

Walimu na wazee wa sharika wamezungumza mara nyingi juu ya jambo hili, wengine kwa kucheka, wengine kwa uchungu: Imekuwaje mtu kumpigia kura kiongozi ambaye amri zake zampunguzia chakula mezani? Aendapo sokoni, mtu hutafuta kununua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa, wala hakuna amlaumuye kwa hilo. Lakini siku ya kura mtu yule yule aweza kumchagua kiongozi ambaye chini yake kazi yake imekwisha na duka lake limefungwa, tena akamchagua kwa shangwe. Watu wa mijini waonapo hivyo husema, "Hawa hawakusoma," kisha huliacha neno pale pale. Jawabu hilo ni jepesi mno, nami sidhani kuwa ni la kweli. Na tulitazame jambo lenyewe katika nchi yetu hii ya Shinyanga na Geita, kwa kuwa mfano tunao mlangoni.

Wasomaji wetu wa Kahama waijua habari hii, lakini yafaa kuisimulia kwa taratibu. Migodi miwili mikubwa, Bulyanhulu ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001 na Buzwagi ulioanza mwaka 2009, ilichimba mwamba ambao dhahabu yake imechanganyika na shaba. Sehemu ya mali hiyo haikuyeyushwa hapa nchini. Mchanga uliokwisha kusafishwa nusu, ndio ulioitwa makinikia, ulitiwa katika makontena, ukapelekwa pwani, ukavuka bahari kwenda kuyeyushwa katika nchi za mbali. Mwezi wa Machi 2017 serikali ya Rais John Magufuli ilipiga marufuku kuusafirisha. Makontena 277 yakazuiwa Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatoa taarifa kwamba dhahabu iliyomo ni nyingi kuliko iliyoandikwa, mara kadhaa. Na tarehe 12 Juni kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ikasema kwamba nchi imepoteza fedha nyingi mno tangu mwaka 1998. Kampuni yenye migodi hiyo, jina lake Acacia, ikakana yote. Mwezi wa Julai ikaletewa hati ya madai ya kodi, riba na faini, jumla dola bilioni 190. Hapo watu wakaanza kupiga hesabu, nusu kwa mzaha na nusu kwa kuamini, kwamba fedha hizo zikigawanywa kila Mtanzania atapata gari lake aina ya Noah.

Gari hazikuja. Kilichokuja ni tangazo la mwezi wa Septemba 2017, kwamba mgodi wa Bulyanhulu unapunguza kazi zake. Watu wengi wakaachishwa. Pale Kakola, kijiji kilichokua karibu na lango la mgodi, kila mshahara ulilisha watu wasiopata kulikanyaga lango lile: mwenye nyumba ya kupanga, fundi cherehani, mwendesha pikipiki, mama auzaye wali na maharage. Tena kuna ushuru wa huduma, wakati ule sehemu 0.3 katika kila mia ya mauzo ya mgodi, ambao huingia katika halmashauri. Mauzo yakipungua, nao hupungua, na pamoja nao hupungua mabati ya shule na dawa za zahanati. Mgodi mkubwa wa Geita haukupatwa na amri ile ya makinikia, kwa kuwa dhahabu yake haichanganyiki na shaba namna ile. Basi hasara ya kwanza iliwaangukia hasa watu wa upande wa Kahama.

Je, watu hao walimchukia Rais? Sivyo. Katika siku zile za mwaka 2017 sifa zake zilisikika hata katika vibanda vilivyokuwa vinakosa wateja. Sitaki kutumia hesabu ya kura za mwaka 2020 kuwa ushahidi, ingawa alitangazwa mshindi kwa kura 84 katika kila 100. Vyama vya upinzani vilizikataa hesabu zile, na shahidi aliyekataliwa na upande mmoja hafai kuitwa mbele peke yake. Lakini yuko shahidi mwingine. Mwezi wa Machi 2021 mwili wake ulipopitishwa Mwanza na Geita kwenda kuzikwa Chato, watu walisimama njia nzima wakilia. Hawakuhesabiwa na tume yo yote.

Basi, kwa nini?

Kwanza yatupasa kuwa waangalifu tusiwahesabie watu mifuko yao kwa haraka. Nyumba ya Kisukuma si mfuko mmoja. Kaka aweza kuwa ameachishwa Bulyanhulu, na mdogo wake ana sehemu katika duara la Nyarugusu, na mama yao analima pamba. Mwaka 2019 serikali ile ile iliwafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya 18 kwa mia na kodi ya zuio ya 5 kwa mia, na mwezi wa Machi mwaka huo likafunguliwa soko la dhahabu mjini Geita, ambapo mchimbaji huuza mali yake hadharani, mizani ikionekana. Mdogo mtu alipata faida ya kweli. Mtu wa mbali amwonaye kaka peke yake atasema, "Nyumba hii imepiga kura juu ya hasara yake," kumbe hakuhesabu vema. Naamini kwamba sehemu kubwa ya ushangao wetu watoka katika hesabu za namna hii, zilizofanywa na watu wasiojua nani hula katika chungu kipi.

Lakini hata tukitoa hesabu mbovu, jambo lasalia. Wako waliopata hasara tupu, tena wakashangilia. Hao ndio nitakao kuwanena.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Anthony Downs, aliandika mwaka 1957 juu ya neno lililo wazi, ila twalisahau. Kura ya mtu mmoja, ikiwa moja katika mamilioni, karibu haiwezi kubadili jambo lo lote. Mwaka 2015 kura zilizopigwa katika nchi yetu zilizidi milioni 15. Mkulima wa Shinyanga aliyeacha palizi yake, akatembea kwa miguu mpaka kituoni, akasimama juani katika mstari, kura yake haikuongeza hata senti moja katika bei ya pamba yake. Kama angalifuata mfuko peke yake angalibaki shambani. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kila apigaye kura amekwisha kuuweka mfuko kando kabla hajafika kituoni. Aendako si sokoni, aenda kushuhudia, kusema mbele ya watu, "Mimi ni wa upande huu, na neno hili ndilo nilionalo kuwa haki." Wamarekani wengine wawili, Donald Kinder na Roderick Kiewiet, walichunguza kura za kwao, wakaandika mwaka 1981 ya kwamba wapiga kura huitazama hali ya nchi nzima kuliko hali ya mfuko wao wenyewe. Wala hao hawakuwa watu wasiosoma.

Sasa, huyu wa Kahama alishuhudia nini? Kwa maoni yangu, alishuhudia juu ya kuibiwa. Kabla ya mgodi kufunguliwa Bulyanhulu walikuwako wachimbaji wadogo, maelfu, pamoja na wake zao na watoto, na vilabu vyao, na makanisa yao. Mwezi wa Agosti 1996 waliondolewa, ardhi ikapewa kampuni. Ndipo ikaja sheria ya madini ya mwaka 1998, na mrabaha wa dhahabu ukawa 3 katika 100. Watu waliona malori, waliona ua wa seng'enge, waliona taa ziwakazo usiku kucha ng'ambo ya ua, na upande wao giza. Jambo hilo liliwakaa moyoni miaka ishirini. Kisha mtu mkubwa wa nchi akasimama akalitaja kwa jina lake: wizi. Kama hesabu za kamati zilikuwa sawa au sivyo, hilo kwao lilikuwa jambo la nyuma. Kwa mara ya kwanza walisikia kwamba umaskini wao haukutoka katika uvivu wala ujinga wao.

Mzee ye yote wa baraza aijua tabia hii. Mtu huweza kutumia ng'ombe wawili katika kesi ya kudai mbuzi mmoja. Vijana humcheka. Lakini mzee hamcheki, kwa sababu ajua kwamba yule hadai mbuzi. Anadai watu waseme kwamba mbuzi alikuwa wake.

(Nitoe neno moja la pembeni. Chama kilichotawala mwaka 1996, na kilichoitunga sheria ya 1998, ndicho kile kile kilichotawala mwaka 2017. Mshitaki alisimama akiishitaki nyumba yake mwenyewe, na watu wakamhesabu kuwa hakuwamo ndani. Ni ufundi mkubwa, nami sijui wengi walioutambua.)

Tabia hii si mpya katika nchi ya Usukuma. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walileta mpango wao wa kuistawisha nchi hii, wakatumia fedha nyingi: malambo yakachimbwa, ardhi ikatunzwa. Lakini pamoja na malambo zilikuja amri: punguzeni ng'ombe, limeni matuta namna hii, lipeni ada ile. Mwaka 1958 walipotaka kuwawekea watu wa Geita baraza la mchanganyiko wa mataifa, watu walikataa kabisa, wengi wakaenda kwa miguu mpaka Mwanza kupeleka mashtaka yao. Wakakifuata chama cha TANU, ambacho hakikuwa na fedha za kuchimba lambo hata moja, nacho kiliomba michango kwao. Mtu wa hesabu angaliwaambia wamekosea. Leo hakuna mtu asemaye hivyo, na wajukuu wao husimuliwa habari ile kwa fahari.

Kisha kuna jambo la upande. Wasomaji wa Usukuma wazijua ngoma zetu za wakati wa baada ya mavuno, jinsi Bagika na Bagalu washindanavyo, na mtu atoavyo mali yake ili upande wake upate watu wengi uwanjani. Hakuna aliye Mgika kwa sababu apata faida ya fedha kwa kuwa Mgika. Ni upande wake. Huko ndiko walikocheza wajomba zake. Magufuli alikuwa mzaliwa wa Chato, na kwenye mikutano aliwaambia watu maneno kwa Kisukuma. Kwa watu ambao lugha yao ilikuwa ikichekwa huko Dar es Salaam, hilo halikuwa jambo dogo. Siwezi kulisifu sana, kwa kuwa upendo wa upande hufumba macho; wala siwezi kulidharau, kwa kuwa bila huo hakuna awezaye kujenga shule wala kanisa la kijiji.

Jambo jingine ni njia ya hasara yenyewe. Hasara itokanayo na amri za serikali mara nyingi haiji na jina la serikali. Mtu aliyeachishwa Bulyanhulu alipokea barua yenye mhuri wa kampuni. Au fikirini pamba. Katika msimu wa mwaka 2019 bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, nao wakulima wakafurahi. Lakini bei ya dunia ilikuwa imeshuka. Wanunuzi hawakutaka kununua kwa bei ambayo wao wenyewe wangeipoteza, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu wakingoja fedha zao. Nani aliyelaumiwa? Aliyetangaza bei alishukuriwa, na asiyekuja na fedha alilaaniwa. Neno jema huja na uso wa msemaji. Hasara hupita njia ya nyuma, ikabisha hodi kwa mkono wa mtu mwingine. Hapa naungama kwamba elimu ina kazi yake. Katika neno hili waweza kusema kweli kwamba watu hawakujua. Lakini hata hao waliosoma hudanganyika kwa njia hii hii.

Wala msidhani kwamba ni Afrika peke yake. Huko Sunderland, mji wa Uingereza, kuna kiwanda kikubwa cha magari ya Nissan, na magari yake mengi huuzwa katika nchi za Ulaya. Mwaka 2016 Waingereza walipoulizwa kama wataka kutoka katika Umoja wa Ulaya, watu wa Sunderland 61 katika kila 100 walijibu, Tutoke. Ijapokuwa walionywa kwamba kutoka kwaweza kukidhuru kiwanda chao. Wamesoma wote, kila nyumba ina televisheni. Walioulizwa sababu, wengi walisema kwamba walitaka kujitawala wenyewe. Mzee wa Geita aliyetembea mwaka 1958 angaliwaelewa bila mkalimani.

Basi, je, twaseme kwamba kila apigaye kura juu ya hasara yake ni mtu mwema? Hapa ndipo nishindwapo kukubaliana na wale wasifuo kila jambo la wananchi. Habari ya wana wa Israeli walipomtaka Samweli awape mfalme ni habari ya swali letu hili hili. Samweli hakuwaficha. Aliwahesabia gharama: wana wao watachukuliwa kwa vita, binti zao kwa kazi za jikoni, mashamba yao na sehemu ya kumi ya mbegu na makundi yao. Nao wakajibu, La, twataka mfalme. Waweza kuwalaumu kwa jambo jingine, lakini huwezi kusema ya kwamba walidanganywa juu ya bei. Ndiyo tofauti kubwa. Mtu aambiwaye, "Mtapata taabu miaka mitatu, kazi zitapungua, na mwisho wake huenda tukapata sehemu tu ya tunachodai," naye akakubali, huyo ametoa sadaka. Mtu aambiwaye kwamba atapata Noah, akapoteza kazi, huyo hakutoa sadaka. Amechukuliwa mali yake bila kujua. Kwa nje watu hawa wawili wafanana kabisa: wote wawili wameshangilia, wote wawili wamepata hasara. Kwa ndani, mmoja ni mtu huru, na wa pili ametumiwa kama chombo.

Na mwisho wa kesi ile ulikuwaje? Mwaka 2019 kampuni ya Barrick iliyanunua mapande ya Acacia ambayo haikuwa nayo bado, na mwezi wa Oktoba ikapatana na serikali. Ilikubali kulipa dola milioni 300. Yaani katika kila dola 633 zilizodaiwa, ilipatikana 1. Lakini si hiyo tu: serikali ilipewa hisa 16 katika 100 za migodi ile, kwa njia ya kampuni iitwayo Twiga, na mrabaha ulikuwa umekwisha kupandishwa mpaka 6 katika 100 kwa sheria ya mwaka 2017. Kazi ya chini ya ardhi Bulyanhulu ikaanza tena mwishoni mwa mwaka 2020. Kwa hiyo asemaye kwamba nchi haikupata kitu asema uongo, na asemaye kwamba ilipata ilichoahidiwa asema uongo mkubwa zaidi. Mfuko wa taifa uliongezeka. Mfuko wa Kakola ulikaa mtupu miaka mitatu, na sijapata kusikia kwamba ulijazwa kwa malipo ya ile miaka.

Neno la pili ndilo zito kuliko yote, nalo husahauliwa na wasifuo na walaumuo pia. Tunaposema mtu amepiga kura juu ya mfuko wake mwenyewe, tunanena kana kwamba hasara ni yake peke yake. Si hivyo. Kura haikati mfuko wa aliyeipiga tu, yakata na wa jirani. Mwalimu wa serikali, ambaye mshahara wake haukupungua shilingi moja, alishangilia kufungwa kwa lango la Bulyanhulu kwa moyo ule ule kama mchimbaji aliyeachishwa. Furaha ya mchimbaji ilikuwa na gharama, na gharama aliilipa. Furaha ya mwalimu ililipwa na mwingine. Wote wawili waliita jambo lile kujitoa kwa ajili ya nchi, lakini aliyejitoa ni mmoja. Kadiri nilivyolitazama jambo hili ndivyo nilivyoona kwamba watu wengi wenye sauti kuu katika kuusifu uzalendo wa namna hii huwa wako mbali na lango.

Basi mwalimu wa kijiji akiulizwa na vijana wake, hana ruhusa ya kuwaambia, "Mpigieni huyu, mwacheni yule." Wala asiwafundishe kuhesabu mifuko yao tu, maana hilo lingewafanya wadogo kuliko walivyo. Lakini aweza kuwauliza, akatulia mpaka wajibu: Aliyewaomba mvumilie, je, aliwatajia bei? Na bei hiyo, italipwa na nani?

Tumfikiri mama mjane wa Kakola, auzaye chakula kando ya barabara ya mgodi. Asubuhi moja ya mwaka 2017 apika kilo kumi za mchele kama siku zote, na ifikapo saa tisa sufuria bado imejaa nusu. Labda yeye naye asikiapo redio hushangilia. Labda kaka yake alikuwa miongoni mwa walioondolewa mwaka 1996, na moyo wake wapata raha kusikia neno lile likitajwa. Siwezi kumsemea. Huenda angalikubali kulipa, kama watu wa Israeli walivyokubali. Lakini mwezi ule wa Machi, kabla ya amri kutangazwa, hakuna mtu aliyefika barazani kwake kumwuliza.